Usimuuzie dalali salio lako: pesa itoke kwa jina lile lile lililoiingiza

Mkuu, usitume hilo salio. Umeuliza mambo manne kuhusu kutoa ushindi wako wa kubeti kwenye tovuti ya nje: ipi ni nafuu kati ya pochi ya mtandaoni (akaunti ya kutunzia na kutumia fedha mtandaoni, kama Skrill au Neteller) na uhamisho wa benki, pesa huchukua siku ngapi, kama bonasi ya kampuni ya kubeti inapotea ukiweka kwa Skrill au Neteller, na kama ni sawa kumuuzia salio lako la dola dalali wa kundi la Telegram, ambaye anakupa kiwango kizuri kuliko benki na ameahidi kwamba shilingi zitaingia kwenye akaunti yako ndani ya nusu saa. Hilo la nne umeliweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, nalo ndilo litakalokumaliza, kwa hiyo naanza nalo; la gharama nitaligusa mwishoni, na ya siku na bonasi tuyaache kwa leo. Mimi nilipitishwa njia hiyo hiyo, kwa maneno yale yale ya "ni mwaminifu, tumefanya naye kazi muda mrefu", na nilitoka sina dola wala shilingi, huku akaunti yangu ya mshahara imefungwa.

Naomba usome kwa makini jinsi jambo lenyewe linavyofanyika, kwa sababu kwa nje halina dalili yoyote ya wizi. Nilikuwa na salio la ushindi kutoka tovuti ya nje, limekaa kwenye pochi ya mtandaoni. Dalali alinitajia kiwango, akaomba jina langu kamili na namba ya akaunti ya benki, akaniambia nisubiri. Muda si mrefu ujumbe wa benki ukaingia. Sikuishia kwenye ujumbe, kwani ujumbe hughushiwa; nilifungua programu ya benki na kuona kwamba shilingi zimeingia kweli na salio limepanda. Jina la mtumaji lilikuwa la mwanamke nisiyemfahamu, na kwenye sehemu ya maelezo ya muamala paliandikwa "nusu ya bei kiwanja Kibaha". Nilipouliza, dalali alijibu upesi kwamba huyo ni dada wa ofisini kwake, kwamba wao hutumia akaunti nyingi ili wasifikie ukomo wa miamala ya siku, na kwamba maelezo ya kiwanja yamewekwa makusudi ili benki isiulize maswali. Nikaachia salio, na uhamisho wa pochi kwa pochi ukakamilika papo hapo.

Yule mama alikuwa ananunua kiwanja kweli. Tapeli alikuwa na mazungumzo mawili kwa wakati mmoja: kwa mama alijifanya muuza kiwanja, kwangu alijifanya mnunuzi wa dola, na namba ya akaunti aliyompa mama kama ya mwenye kiwanja ilikuwa ni yangu. Mama akalipia ardhi ambayo haipo, mimi nikamkabidhi tapeli dola, na yeye akaondoka bila jina lake kuonekana kwenye karatasi hata moja. Mama alipokwenda polisi na kufungua jalada, mtu pekee aliyeonekana kupokea pesa zake, mwenye jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na anwani, nilikuwa mimi.

Ilianza kwa kadi kukataa kwenye mashine ya ATM mwisho wa mwezi. Afisa wa benki alitazama kioo cha kompyuta yake, akamwita mwenzake, wakanong'onezana, kisha akaniambia kwamba akaunti ina zuio na kwamba niandike maelezo ya muamala ule. Zaidi ya hapo hakusema kitu. Wewe pia usitegemee kuelezwa, kwa kuwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2006 ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu inamkataza mtumishi wa benki kumdokeza mteja kwamba taarifa ya muamala wenye shaka imepelekwa kwa mamlaka. Utakaa pale dirishani ukiuliza, naye atakutazama tu, na mshahara wako uko ndani.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinigharimu kuliko zuio lenyewe. Dalali alikuwa amenifundisha kwamba benki ikiuliza, niseme rafiki amenilipa deni, na kwamba neno la kubeti nisilitaje kabisa. Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu ya benki. Mpelelezi alipoiweka fomu ile juu ya meza, pembeni ya taarifa ya akaunti yenye maneno ya kiwanja cha Kibaha, na pembeni yake tena risiti ya mama mwenyewe, jibu langu la deni la rafiki lilinigeuza mshirika wa tapeli. Kubadili maelezo baada ya kuyatia saini ni kazi nzito sana. Kila nilichosema baadaye, hata kilichokuwa kweli tupu, kilipimwa kwa ule uongo wa kwanza. Kwa hiyo ukisikia mtu anakupangia cha kuiambia benki kabla pesa haijaingia, fahamu kwamba anakuandaa ubebe mzigo wake.

Zuio liliondolewa baada ya mimi kumrudishia mama pesa zake zote, nyingine kutoka kwenye mshahara na nyingine za kukopa. Simlaumu hata kidogo. Alidai haki yake, na alikuwa na adabu kuliko nilivyostahili siku ile. Kwenye pochi ya mtandaoni hakukuwa na msaada, kwani uhamisho ulioidhinishwa na mwenye akaunti mwenyewe huhesabiwa kuwa umekwisha, na masharti ya pochi nyingi yanakataza kuuziana salio. Ukienda kulalamika, unaanza kwa kukiri kwamba umevunja masharti, na akaunti yako inaweza kufungwa hapo hapo.

Ninaowakasirikia zaidi ni wale waliomdhamini ndani ya kundi. Walinirushia picha za skrini za miamala iliyofanikiwa, na picha hizo hazikuwa za kughushi. Lakini picha ya muamala inaonyesha kwamba pesa imefika. Haionyeshi pesa hiyo ni ya nani, wala haionyeshi kilichompata mpokeaji wiki zilizofuata, mwenye pesa alipokwenda polisi. Msimamizi wa kundi, ambaye alikuwa akipokea kamisheni kwa kila aliyeletwa kwa dalali, alifuta maelezo yangu ndani ya dakika chache na kunitoa kundini. Wanaokusifia huyo dalali leo inawezekana hawadanganyi, ila wenye la kusema walishatolewa.

Kanuni ni moja, na ninaomba uishike hata kama mengine yote utayaacha: pesa itoke kwa njia ile ile iliyoingilia, na jina liwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Jina la akaunti ya kubeti, jina la pochi, jina la laini ya simu na jina la akaunti ya benki yawe ni ya mtu mmoja, yaani wewe, na yalingane na kitambulisho chako. Ukiweka kwa pochi, toa kwa pochi hiyo hiyo, kisha kutoka kwenye pochi peleka kwenye akaunti ya benki yenye jina lako. Ukiweka kwa laini ya mdogo wako kwa sababu yako ilikuwa haina salio, umeshajiwekea kikwazo, maana kampuni ya kubeti itakapofanya uhakiki siku ya kutoa itakuta majina mawili na itasimamisha malipo, na kwa hilo itakuwa na haki. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo jina la mwenye laini haliwezi kufichika kama zamani.

Kwa kampuni zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hapa Tanzania, jambo hili kwa kawaida ni jepesi, kwani akaunti hufunguliwa kwa namba ya simu na ushindi hurudi kwenye namba hiyo hiyo, kodi ikiwa imeshakatwa. Taabu inaanza kwenye tovuti za nje, ambazo Bodi haizisimamii, na ambazo zikikunyima malipo hutakuwa na mlango wa kubisha. Huko ndiko madalali wanakopatia wateja, kwa sababu mtu ameshaona ushindi kwenye kioo na hajui ataufikishaje nyumbani.

Kuhusu gharama, pochi hukata kwenye kubadili fedha na kwenye kutoa, na uhamisho wa benki wa kimataifa unaweza kukatwa tena na benki za katikati kabla ya kukufikia. Makato hayo yanauma, naelewa, na kiwango cha dalali kinavutia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini makato ya benki yanaonekana kwenye taarifa na yana mwisho. Pesa ya mtu mwingine ikishaingia kwenye akaunti yako haina mwisho unaoweza kuupanga wewe. Na benki ikikuuliza chanzo cha pesa, sema ukweli kwamba ni ushindi wa kubeti, onyesha historia ya akaunti yako ya mchezo na historia ya pochi, na hifadhi nakala za vyote viwili kabla ya kuulizwa.

Fanya hivi leo kabla hujafanya lingine. Mwandikie huyo dalali kwamba utapokea shilingi kutoka akaunti yenye jina lake mwenyewe tu, na kwamba kabla ya kuachia salio utataka kitambulisho chake na mazungumzo ya video, akikisoma kitambulisho hicho mbele yako. Hata akikubali bado ninakushauri usifanye, lakini nina hakika kwamba hatakubali. Atakuambia benki yake iko kwenye matengenezo, na kwamba dada wa ofisini ndiye atakayetuma.