Kishoka kanijazia uongo kwenye fomu ya mafao

SWALI: Niliacha kazi kwa hiari yangu kwenye shamba la chai huku Mufindi, nikiwa nimechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miaka minne. Jamaa mmoja wa Mafinga, kishoka, yaani dalali asiye rasmi, akaniambia atanisaidia kupata fao la kukosa ajira. Nilisaini fomu ikiwa tupu. Juzi nimeona nakala, kaandika kwamba nilipunguzwa kazini. Fedha bado hazijaingia. Kosa ni lake au langu?

JIBU: Lako, ndugu yangu. Kila anayeuliza swali hili, na ni wengi, anaamini aliyeshika kalamu ndiye mwenye kesi. Huyo jamaa hatambuliki popote. Kwenye fomu kuna jina lako, namba yako ya uanachama na sahihi yako. Ukisaini karatasi tupu, utahesabiwa umeyakubali yatakayoandikwa juu yake.

Maadamu hujalipwa, mwandikie meneja wa ofisi ya NSSF ulikopeleka maombi. Taja jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na tarehe ya maombi, kisha useme wazi kwamba hukupunguzwa, uliacha mwenyewe. Ambatisha barua yako ya kuacha kazi. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Kupiga simu hakutoshi.

Fao hilo hutalipata. Si la anayeacha kwa hiari. Michango yako haijapotea. Ukiajiriwa tena endelea na namba ileile, kwani pensheni ya uzee inadai miezi 180 ya michango.

Vishoka wanayajua haya yote. Wanachokuuzia ni maneno "hawaangaliagi wale". Wanaangalia sana! Fomu ikisema umetoka kazini Juni wakati mchango wa mwisho ni wa Machi, faili linasimama hapo hapo. Barua ya mwajiri ikisema tofauti na wewe, vilevile. Hata ukishalipwa, mwajiri mpya akianza kukuchangia kwa namba yako inaonekana. Hapo unadaiwa urudishe, na kutoa maelezo ya uongo ili upate fao ni kosa la jinai. Kishoka keshachukua asilimia yake, simu haipatikani.

Wajane ndio wanaoumizwa zaidi. Shemeji anajitolea kujaza fomu za mafao ya urithi, mtoto mmoja anaachwa nje ya orodha, mama anaweka dole gumba bila kusomewa. Fomu hazilipiwi, na afisa wa dirishani anaelekeza bure. Asiyejua kusoma asomewe kila kipengele kwa sauti, na nafasi zilizobaki tupu zipigwe mstari kabla ya sahihi.

Wewe, kabla ya hiyo barua, kagua namba ya akaunti ya benki kwenye nakala uliyonayo, tarakimu moja moja. Ikiwa si yako, nenda ofisini kesho asubuhi.