Igeuze picha kwanza

Wewe unayeanza kazi kwenye dawati la picha, au unayesomea uandishi na umepewa picha za magazeti ya Uingereza uzichambue, nina machache ya kukuambia. Kazi yangu ni kutafuta picha za zamani na kuziandikia maelezo. Nilichojifunza ni kwamba mara nyingi anayempoteza msomaji si mpiga picha, ni aliyeandika ile mistari miwili chini yake.

Chukua ile ya wavulana watano nje ya uwanja wa kriketi wa Lord's, London, aliyoipiga Jimmy Sime tarehe 9 Julai 1937. Wawili wamevaa kofia ndefu nyeusi, watatu wako na nguo za kawaida na wanawatazama wenzao kama sinema ya bure. Gazeti la News Chronicle liliitoa kesho yake, na tangu hapo kila anayetaka kuzungumzia matabaka ya Waingereza huichomoa. Utakuta mara nyingi imeandikwa kwamba wenye kofia ni wanafunzi wa Eton, shule ya watoto wa matajiri. Sivyo. Walikuwa wa Harrow, shule iliyokuwa ikicheza na Eton siku hiyo, na pale walikuwa wakisubiri gari. Wale watatu nao walikuwa wametoka kwa daktari wa meno, wakaamua kutega shule na kutafuta vibarua vya senti mbili tatu hapo uwanjani. Mmoja wa wenye kofia alifariki India mwaka uliofuata kwa dondakoo. Wale watatu waliishi hadi uzeeni. Hayo yote hayaonekani kwenye picha, na mwandishi mvivu hujaza pengo kwa anachokitaka yeye.

Kwa hiyo ukipata picha ya karatasi, igeuze. Mgongoni utakuta mihuri, jina la mpiga picha, maelezo yaliyobandikwa, wakati mwingine yaliyofutwa na kuandikwa upya. Hazina ya gazeti la Daily Herald, iliyoko Bradford, ina mamilioni ya picha za namna hii. Angalia sana tarehe: muhuri huweza kuwa wa siku picha ilipochapishwa gazetini, si siku ilipopigwa. Upande wa mbele tafuta alama za penseli za kukatia na rangi iliyopakwa kwa brashi.

Mfano mzuri ni picha ya Herbert Mason ya kanisa la St Paul's likiwa limezungukwa na moshi. Aliipiga usiku wa 29 Desemba 1940, ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiishambulia London kwa mabomu, akiwa juu ya paa la jengo la gazeti la Daily Mail. Gazeti likaitoa tarehe 31, baada ya mafundi kuigusagusa kwa brashi. Waingereza waliiona wakasema: tumesimama. Januari 1941 gazeti moja la Berlin likachapisha picha hiyohiyo kuwaonyesha Wajerumani kwamba London inateketea. Kilichobadilika ni mkato na maneno. Mimi humwonyesha kila mgeni kazini picha hii kabla ya nyingine yoyote.

Kuna pia muuza maziwa wa Fred Morley, Oktoba 1940, anayepita juu ya vifusi na kreti yake. Inasimuliwa kwamba alikuwa msaidizi wa Morley aliyevalishwa koti, kwa kuwa wadhibiti wa habari walikuwa wakizuia picha za uharibifu mtupu. Usiitupe kwa sababu hiyo. Itumie, lakini usiandike kwamba ni muuza maziwa.

Halafu jua picha zisizokuwepo. Sheria ya mwaka 1925 inakataza kupiga picha mahakamani Uingereza, ndiyo maana unaona michoro ya kesi na watu wakiwa ngazini nje. Na Februari 6, 1952, Elizabeth, aliyekuwa ndiyo kwanza amekuwa Malkia wa Uingereza, alipopata habari ya kifo cha baba yake Mfalme akiwa Sagana, Kenya, wapiga picha waliombwa wasimpige akiondoka, wakatii. Mhariri atakuja kukuomba picha hiyo. Huja kila mwaka. Mwambie haipo, kisha mpe ya tarehe 7, uwanja wa ndege wa London, akishuka ngazi amevaa nyeusi huku Waziri Mkuu Churchill na wenzake wamejipanga chini wakimsubiri. Na kwenye maelezo uandike London, si Kenya.