Uchachu wa ndimu si dawa ya kiseyeye

SWALI: Daktari, fizi zangu hutoka damu ninapopiga mswaki. Nasikia mabaharia wa enzi za maharamia walijitibu kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu na meno kulegea, kwa ndimu. Nikichemsha maji ya ndimu hadi yawe mazito, niyaweke chupani, yatanisaidia?

JIBU: Hayatakusaidia. Maharamia nao hawakuwa na siri yoyote; afueni yao ilikuwa kutia nanga mara kwa mara, mathalani kisiwani Sainte-Marie, Madagaska, wakapata chakula kibichi.

Tabu ni hii imani kwamba kinachotibu ni uchachu. Mwaka 1747, ndani ya meli ya HMS Salisbury, tabibu James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili. Wawili walipewa siki, wawili matone ya asidi ya salfa, wengine maji ya bahari, na kadhalika. Waliokula machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio waliopona upesi. Siku ya sita mmoja wao aliweza kurudi kazini. Asidi ya salfa inaunguza ulimi kuliko ndimu yoyote, lakini haikumponya mtu. Dawa ni vitamini C, na pera, lisilo chachu kama ndimu, linayo nyingi kuliko ndimu.

Ajabu ni kwamba Lind mwenyewe alipendekeza maji ya malimau yachemshwe taratibu hadi yawe sharubati nzito ya kuwekwa melini. Moto na hewa viliharibu sehemu kubwa ya vitamini, ikabaki sharubati chachu. Ndiyo hiyo unayotaka kupika wewe, na ndiyo wanayokuuzia wenye chupa za “ndimu iliyokolezwa” zisizo na tarehe ya kutengenezwa, zinazokaa juani sokoni kutwa nzima. Watakuonjesha ili ukunje uso, uamini ina nguvu.

Kuhusu fizi zako: kiseyeye huja baada ya mwezi mmoja hadi mitatu ya kukosa vitamini C karibu kabisa. Miligramu 10 kwa siku hutosha kukizuia, na chungwa moja la wastani lina zaidi ya 50. Ukiwa unakula matunda na mboga, uwezekano mkubwa ni ukoga uliojikusanya chini ya fizi, na huo huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake. Usisugue ndimu kwenye meno, inamomonyoa tabaka la juu. Meno yakilegea, au michubuko ikitokea miguuni bila kujigonga, nenda hospitali wiki hiihii.