Orodha za vyuo vikuu: mzazi wa Lubumbashi azipe uzito gani?

Mama, swali lako limenigusa kwa sababu nyumba nyingi hapa Lubumbashi ziko kwenye hali hiyo hiyo. Kijana amefaulu Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anataka kusoma metalurjia, pesa iliyopo inatosha kumsomesha mahali pamoja tu. Sasa shemeji yako ameleta orodha ya vyuo aliyoikuta kwenye simu, anasema aende kilichotajwa juu zaidi, chuo cha binafsi, ingawa minerval yake, yaani ada ya masomo, inaizidi mbali ile ya Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwa masomo ya kwanza, na kwa kazi anayoitaka kijana, mimi ningeipa orodha hiyo uzito mdogo sana.

Kwanza muulize shemeji, kwa heshima, orodha hiyo inapima nini. Nyingi zinazozunguka kwenye WhatsApp zetu zimetoka Webometrics, iliyoanzishwa mwaka 2004 na maabara moja ya Hispania. Nusu ya alama zake hutokana na tovuti nyingine zinazoelekeza watu kwenye tovuti ya chuo. Kwa hiyo chuo chenye tovuti iliyotunzwa vizuri kinaweza kupanda, na chuo ambacho tovuti yake imelala kikashuka, hata kama mafundi wake ndio wanaoendesha viwanda vya madini vya Likasi na Kolwezi. Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, inahesabu tuzo za Nobel, medali za Fields za hesabu, na makala yaliyochapishwa katika majarida ya Nature na Science. Ile ya QS hutegemea sana maoni ya wasomi wanaoulizwa ni vyuo gani wanaviona bora. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia darasani kumwangalia mwalimu akifundisha mwaka wa kwanza.

Na sisi tunasoma na kuandika kwa Kifaransa, wakati majarida yanayohesabiwa mengi ni ya Kiingereza. Mwanafalsafa na mwandishi Valentin Mudimbe alifundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, kabla ya kwenda Marekani ambako alifundisha hata Chuo Kikuu cha Duke. Mwanafunzi aliyekaa mbele yake Lubumbashi alipata mwalimu ambaye dunia nzima ilikuja kumsoma baadaye, na hakuna orodha iliyomwambia.

Hata huko Marekani, ambako gazeti la U.S. News lilianza kupanga vyuo mwaka 1983, mambo si safi. Mwaka 2022 profesa wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Michael Thaddeus, alionyesha hadharani kwamba takwimu ambazo chuo chake chenyewe kilipeleka hazikuwa sahihi, zikiwemo za ukubwa wa madarasa. Kwenye orodha hiyo Columbia ilikuwa ya 2. Mwaka huo huo ikawekwa ya 18. Walimu walikuwa wale wale na maabara zile zile.

Sasa niseme niliyoyaona mwenyewe. Nimefanya kazi miaka mingi upande wa Kolwezi, na nimekaa mara kwa mara kwenye meza ya kuwahoji vijana wanaoomba kazi kiwandani. Swali nililolipenda lilikuwa moja: chukua kalamu, nichoree njia ya shaba kutoka kwenye mawe hadi katodi, lile bamba la shaba safi. Aliyefundishwa vizuri anachora: mawe yanavunjwa, yanasagwa, yanaoshwa kwa asidi ya salfa, shaba inatenganishwa kwa kutumia kiyeyushi, halafu umeme unaikusanya juu ya bamba. Ukimuuliza kobalti inaelekea wapi, anajua. Mwingine ana alama nzuri kwenye karatasi, lakini akifika kwenye asidi anasimama, kwa kuwa aliisoma kwenye silabi tu, yaani maandishi ya somo yanayouzwa chuoni, na hajawahi kuiona ikifanya kazi. Tofauti kati yao karibu kila mara ilikuwa staji, yaani mafunzo ya kazini, na maabara. Katika mahojiano yote niliyokaa, sikumsikia mwenzangu hata mmoja akiuliza chuo cha kijana ni cha ngapi. Tuliuliza nani alisimamia kazi yake ya mwisho, na alifanya staji wapi. Inaniuma kuona wazazi wanauza kiwanja kwa sababu ya namba ambayo mwajiri haiangalii.

Binti yangu alipofika umri huo, tulikwenda kwenye vyuo vyenyewe. Hatukuanzia ofisini, maana ofisini kila chuo ni kizuri. Tulikaa na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu chini ya mti, tukawauliza: TP, kazi za vitendo, mnazifanya kwa mikono yenu au mnamtazama asistenti? Dawa za maabara zipo? Profesa anakaa hapa, au anakuja kwa ndege, anamaliza saa zote za somo ndani ya wiki moja na kurudi? Deliberasyo, yaani matokeo ya mwaka, hutoka lini? Mbali na minerval, mnalipishwa nini tena: silabi, kutetea kazi ya mwisho, michango isiyo na risiti? Vijana wanasema kweli wakiona mtu anawasikiliza. Pale tuliposikia kwamba umeme wa maabara umekatika tangu muhula uliopita, hatukurudi tena. Uliza pia wahitimu wa miaka miwili mitatu nyuma wako wapi sasa. Katibu wa idara akishindwa kutaja hata wachache, hilo nalo ni jibu.

Shemeji yako ana hoja mahali pamoja, na tumpe haki yake. Kijana akitaka kufanya masta nje, orodha zinaanza kuwa na nguvu, kwa sababu kuna serikali zinazozitumia. Uingereza mwaka 2022 ilifungua viza kwa wahitimu wa vyuo vilivyo juu kwenye angalau orodha mbili kati ya tatu kubwa, na orodha ya kwanza ya vyuo hivyo haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Hapo, akiwa anachagua kati ya vyuo viwili vya Ulaya, aangalie nafasi, tena ile ya idara yake kuliko ya chuo kizima. Lakini hilo ni la baadaye. Kuchagua kati ya Kasapa na chuo cha binafsi cha hapa mjini kwa kipimo hicho hakumsogezi karibu na viza hiyo.

Kwa hiyo, Mama, kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo cha binafsi kina kibali cha Wizara ya Elimu ya Juu kwa ajili ya metalurjia yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha sheria na uchumi halafu kikafungua na ufundi juu yake. Omba kuiona karatasi, na uipige picha. Kisha mpeleke kijana Kasapa siku ya kazi, asubuhi, akaombe kuingia maabara ya Politekniki, kitivo cha uhandisi, halafu afanye vivyo hivyo kwenye kile chuo cha shemeji. Shemeji naye aende nao, aone kwa macho yake. Mkisharudi, leteni hapa mliyoyaona, nami nitawaambia bila kuficha ningemwandikisha wapi.