Jibu: Bili ya umeme isiyo na usomaji wa mita, California

Pole dada uliyeuliza kuhusu bili ya umeme unayoletewa na mwenye eneo la nyumba za kuhamishika. Kama bili ina jumla tu, basi ina kasoro. Civil Code (sheria ya madai) ya California, kifungu cha 798.40, inamtaka mwenye eneo la nyumba za kuhamishika anayegawa umeme kutoka mita kuu aandike usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa mita yako. Wenye eneo ninaloishi mimi walinizungusha miezi miwili, eti daftari limepotea! Kaipige picha mita leo, tarakimu zisomeke.

Ila usigome kulipa, utakuwa umeshika makali, mwenye eneo mpini: deni likipita siku 5 anaweza kukuletea notisi ya siku 3 ya kulipa au kuhama. Lipa, andika barua kwamba unapinga, baki na nakala. Kukukatia umeme ili uhame, hilo haruhusiwi.