Weusi wa vyungu vya Magdalene Odundo, na kama udongo wa Dodoma unaweza kuutoa

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: wasanii wa ufinyanzi wa siku hizi, hasa Magdalene Odundo, wanatoa wapi mawazo yao; na kama mtu aliyeko Dodoma, asiye na tanuri la umeme wala la gesi, anaweza kupata ule weusi unaong'aa uliouona pichani. Nayajibu pamoja, kwa sababu asiyejua weusi ule unavyopatikana hawezi kuelewa mawazo yenyewe. Hakuna rangi nyeusi iliyopakwa pale. Ni udongo wenye madini ya chuma uliochomwa kwenye moto ulionyimwa hewa. Chungu hicho hicho kikichomwa kwa hewa ya kutosha kinatoka na wekundu wa chungwa lililoiva.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na akahamia Uingereza 1971. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani (mji huo leo ni Suleja), kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Pale aliwakuta akina mama wa Kigwari wanaojenga mitungi kwa mkono bila gurudumu, akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Alifika pia San Ildefonso, New Mexico, kijiji cha Maria Martinez, Mmarekani wa asili ambaye pamoja na mumewe Julian walifufua vyungu vyeusi mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya wanaakiolojia kufukua vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika) vya kale maeneo yale. Umbo lenyewe Odundo analitoa kwenye mwili wa binadamu: tumbo, shingo ndefu, vinundu vinavyokumbusha uti wa mgongo.

Kwa hiyo ukikutana na kazi ya msanii yeyote wa fani hii, tenganisha maswali. Umbo limetoka wapi? Ngozi ya juu je? Moto umefanya nini? Mara nyingi majibu yanatoka pande tofauti za dunia. Wanaoiga hukamata umbo peke yake, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwenye simu, halafu wanamalizia kwa rangi ya dukani. Matokeo yake ni chungu kilichovaa nguo ya kuazima.

Andile Dyalvane wa Afrika Kusini amechukua chale za mwilini, lakini hazichori kwa brashi. Anaukata udongo wenyewe ungali mbichi, kama ngozi inavyochanjwa. Mwenzake Zizipho Poswa, ambaye walianzisha pamoja Imiso Ceramics huko Cape Town, ana kazi kubwa zilizotokana na mizigo wanayobeba kichwani wanawake wa vijijini, na nyingine zilizotokana na mitindo ya nywele. Wote wawili wamebeba tendo, wala hawakunakili picha ya tendo hilo. Kwangu mimi huo ndio mpaka kati ya msanii na muuza mapambo.

Kwa watu wa Dodoma na Singida kuna pia Ai Weiwei wa China, maana yeye alifanya alizeti. Mwaka 2010 alimwaga zaidi ya mbegu milioni 100 za kauri kwenye ukumbi wa Tate Modern, London, zilizotengenezwa na kupakwa kwa mkono na mafundi wapatao 1,600 wa mji wa Jingdezhen. Wazo lake mojawapo lilitoka kwenye picha za propaganda za enzi ya Mao, ambako wananchi walichorwa kama alizeti zinazolielekea jua. Wageni waliruhusiwa kutembea juu ya mbegu hizo, kisha wakazuiwa mapema tu kwa sababu ya vumbi. Hilo lichukue kama onyo la kazini: vumbi la udongo na kauri lina silika, yaani madini ya mchanga, na likiingia mapafuni halitoki. Ukisaga vigae vaa barakoa, na sakafu ipige deki badala ya kuifagia.

Sasa udongo wetu. Ule mweusi wa mbuga, kama unaokutana nao ukielekea Bahi, unafinyangika vizuri mno na ndio unaodanganya wengi. Unavimba ukinywa maji na kusinyaa vibaya ukikauka. Upime hivi: tengeneza bapa la urefu wa sentimita 14, chora juu yake mstari wa sentimita 10, liache likauke kabisa kivulini, kisha pima mstari. Ukibaki 9.2 au zaidi, uko salama. Ukishuka chini ya 9, changanya na udongo wa kichuguu au udongo mwekundu wa milimani, au ongeza vigae vilivyosagwa, asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkavu. Navipendelea vigae kuliko mchanga wa korongo, kwa sababu mchanga ni kwatzi, na kwatzi hupanuka ghafla ikifika nyuzi joto 573 hivi za Selsiasi, ikaweza kupasua chungu. Visage viwe laini, chini ya nusu milimita, la sivyo kila punje itachora mkwaruzo utakaposugua. Udongo unaotoa unga mweupe juu ukikauka una chumvi. Huo achana nao.

Adui mkubwa zaidi ni vijiwe vyeupe vya chokaa, ambavyo udongo wa nchi kavu kama yetu unavyo kwa wingi, na ambavyo huja kupasua ukuta wa chungu baada ya moto. Dondoshea ndimu au siki. Vikitoa povu, ni chokaa. Kausha udongo, uponde, uloweke, uchuje kwa wavu wa dirishani na kisha kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili. Usiruke hatua hii hata udongo ukionekana safi.

Kujenga kwa kamba za udongo sitaeleza sana. Mama yeyote anayeuza vyungu mnadani atakuonyesha kwa nusu saa kuliko maandishi yangu. La muhimu kwetu ni kukausha. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Juni, upepo ni mkavu na mkali, na mdomo wa chungu hukauka wakati kitako bado kibichi. Hapo nyufa zinaanzia kwenye maungio. Funika mdomo kwa nailoni, kitako kiache wazi juu ya gazeti, kigeuze kila siku, na usikipeleke juani kabla ya wiki nzima kupita.

Ngozi inayong'aa hupatikana kwa rojo la punje laini kuliko zote, linaloitwa tera sigilata. Chukua kilo 1 ya unga mkavu wa udongo mwekundu, lita 3 za maji ya mvua, na gramu 5 za sodiamu silikati, ambayo wanayo wauza malighafi za sabuni. Maji ya kisima yaache, kwa kuwa chumvi zake hugandisha punje pamoja na hakuna tabaka litakalojitenga. Koroga vizuri, acha ndoo saa 24 bila kuigusa, kisha nyonya tabaka la katikati kwa mpira mwembamba. Maji matupu ya juu yamwage, tope la chini lirudishe kwenye udongo wa kazi. Rojo lililo sawa, mililita 100 zina uzito wa gramu 115 hivi. Likizidi 120 ongeza maji, maana rojo zito hubanduka kama maganda baada ya moto; likiwa jepesi mno acha livukize.

Kabla ya rojo, chungu kikiwa kimekaza lakini bado kina ubaridi ukikigusa, kisugue kwa kokoto laini ya mtoni au mgongo wa kijiko hadi mashimo yote yazibe. Kikikauka kabisa, paka rojo kwa brashi laini, tabaka 3 au 4 nyembamba, na baada ya kila tabaka kupoteza umaji sugua kwa kitambaa laini au kipande cha nailoni ya mkate. Usikishike kwa vidole vyenye mafuta. Alama zitaonekana baada ya moto. Hadi hapo kitakuwa chekundu kinachong'aa. Kwa weusi kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya San Ildefonso, na kwa mkoa wa wafugaji kama wetu kuni zake zipo kila boma. Vipashe vyungu moto kandokando ya moto mdogo kwa saa 2 au 3, ukivigeuza. Wengi hupasukia hapa: maji yaliyojificha ndani ya ukuta yakigeuka mvuke ghafla, chungu kinalipuka. Kisha viinamishe juu ya mawe, sentimita 15 kutoka ardhini, vizungushie vipande vya bati kuukuu, lililokwisha kuchomwa tupu mbali na watu, ili kuni zisiviguse, washa kuni nyembamba chini, na funika kote kwa mavi makavu ya ng'ombe yaliyo mapande. Upande wa upepo jenga ukuta wa matofali. Ndani kukiwa kwekundu, mwaga mavi makavu yaliyopondwa unga, mengi, kwa haraka, hadi moto uzimike na ubaki moshi tu. Ziba kwa majivu kila tundu linalotoa moshi. Usifukue hadi kesho yake.

Ya pili ina uhakika zaidi, ila chungu kiwe kimeshachomwa mara moja kwa nyuzi 800 hivi. Kiweke kwenye debe la chuma lenye mfuniko, kikizungukwa na maranda, maganda ya karanga au maganda ya alizeti, unene wa sentimita 5 kila upande. Ziba mfuniko kwa udongo uliochanganywa na mchanga, choma debe zima hadi liwe jekundu, lishikilie hapo nusu saa, liache lipoe lenyewe. Debe la rangi au lililopakwa zinki lichome tupu kwanza, mbali na watu, kwa sababu mvuke wa zinki ni sumu. Usikate miti kwa kazi hii. Matawi yanayopogolewa kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi yanawaka vizuri sana yakikauka.

Kipimajoto huhitaji. Waya wa alumini huyeyuka nyuzi 660 na chumvi ya mezani nyuzi 801. Weka kipande cha waya na chumvi kidogo kwenye kigae, mahali unapoweza kuchungulia. Waya ukianguka na chumvi bado ni punje, uko katikati, na kwa weusi hapo panatosha. Mng'ao wa tera sigilata huanza kufa ukipita nyuzi 900 na zaidi, kwa hiyo anayeongeza kuni ili chungu kiwe kigumu anajiharibia ngozi aliyoisugua.

Ukitoa chungu chenye mabaka ya kahawia, hewa iliingia kabla hakijapoa, au ulifungua debe likiwa bado na moto. Kaboni, yaani masizi ya moshi yaliyoingia kwenye vinyweleo vya udongo, huungua ikikutana na hewa ya moto. Kijivu badala ya cheusi, maranda yalikuwa machache. Ufa mrefu wenye kingo kali unaoshuka kutoka mdomoni ni upepo wakati wa kupoa. Mabaka yenyewe lakini usiyachukie yote. Hata kwenye kazi za Odundo kuna sehemu ambazo weusi unakutana na wekundu, na ndizo watu husimama kuzitazama.

Kuhusu mawazo ya kwako mwenyewe, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ndiyo ya kwanza watu kuikimbilia. Kisha wananakili mtu mwembamba wa Kolo kwenye kikombe, basi. Sehemu kubwa ya michoro ile ni oksidi ya chuma, familia moja na rojo lako. Wekundu wa Kondoa unapatikana kwenye makorongo ya barabarani. Hifadhini usichukue hata punje. Uchuje, utengeneze tera sigilata, na kwenye debe moja funika nusu ya chungu kwa maranda, nusu nyingine iachie hewa kwa tundu dogo. Rojo moja litatoa rangi mbili. Kwa umbo, mimi ningeangalia kibuyu kilichounganishwa kwa uzi baada ya kupasuka, au tembe, nyumba yetu ya jadi ya udongo, lilivyo chini na refu, kabla ya mchoro wowote.

Majivu ya matawi ya zabibu yanaweza kutoa glezi (ngozi ya kioo inayofunika chungu) nzuri, lakini inataka nyuzi 1,200 na kuendelea, kwa hiyo isubiri tanuri la gesi.

Vyungu hivi vyeusi havishiki maji. Vinavuja jasho kama mtungi wa kawaida, kwa hiyo mnunuzi anayetaka kuweka maua aambiwe aweke kopo ndani. Na kabla ya kuuza, viache rafuni wiki mbili. Chokaa iliyopita kwenye chujio hunyonya unyevu wa hewa polepole, ikavimba na kurusha kipande cha ukuta, na masika hutokea haraka kuliko kiangazi. Ni afadhali kirukie kwako kuliko sebuleni kwa mteja.