Bomba lilipasuka, maji tumekausha, mbona fangasi wanarudi ukutani?

SWALI: Habari fundi. Wiki tatu zilizopita bomba lilipasuka nyuma ya sinki la jikoni, maji yakajaa mpaka koridoni. Tukapiga deki, tukawasha feni usiku kucha, fundi bomba akabadilisha kipande, tukajua yameisha. Sasa kabati la chini linanuka, nyuma yake kuna madoa meusi, na ule ukuta wa jipsamu bodi upande wa koridoni nao umeanza. Nimepulizia jiki mara kadhaa, yanapauka halafu yanarudi. Nataka nipige ile rangi ya kuzuia fangasi nimalizane nao, ni sawa? Na hawa weusi ndo wale wenye sumu? Mwanangu mdogo ana pumu.

JIBU: Salama dada, pole sana. Rangi usipige kwanza, hela yako itunze. Ukipaka juu ya ukuta wenye fangasi na unyevu ndani unakuwa umewafunika tu, baada ya muda rangi inavimba inabanduka na wao bado wapo.

Fangasi tunawaona, tatizo lenyewe ni maji msiyoyaona. Vimbegu vyao vipo hewani kwenye kila nyumba, hata iliyo safi kiasi gani, havina madhara makubwa mpaka vikute unyevu, na vikishaukuta ndani ya saa 24 mpaka 48 vinaweza kuanza kuota. Nyie mlikausha sakafu ila maji yalishaingia chini ya kabati, nyuma ya skating (ule ubao wa chini unaozunguka ukuta) na ndani ya hiyo jipsamu bodi, ambayo kwa kweli ndo inanisumbua kuliko vyote kwenye hii kazi, sababu inapandisha maji kama utambi wa taa, yaani maji yanaweza kuwa ya kufunika kisigino tu sakafuni ukakuta bodi imelowa juu zaidi ya hapo, na ile karatasi iliyogandishwa juu yake ndo chakula chao.

Jiki inakudanganya macho. Klorini inabaki juu juu na kutoa rangi ya doa, wakati kilichozama kwenye karatasi ya bodi na kwenye mbao za kabati hakijaguswa, tena jiki yenyewe sehemu kubwa ni maji kwahiyo unaongeza unyevu humo humo. Halafu tafadhali usije ukaichanganya na siki au dawa yoyote yenye amonia, inatoa gesi ya sumu.

Weusi wasikutishe kwa rangi yao. Zipo aina nyingi sana nyeusi, na rangi peke yake haikwambii kama ni wabaya au la, wala huna haja ya kulipia vipimo vya maabara kwa sababu jibu lolote likitoka kazi ni ile ile, watolewe. Nasema watolewe, sio wauawe, maana hata waliokufa bado wanaleta aleji na wanaweza kuamsha pumu. Kwahiyo mtoto asiwepo kabisa siku ya kazi, na akizidi kubanwa kifua mpeleke hospitali usisubiri ukuta ukauke.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hakikisha bomba limepona kweli: funga koki zote, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja au mbili, ikisogea bado kuna pa kuvuja. Zima umeme wa upande huo kwenye meni swichi kabla hujakata chochote, soketi zipo humo. Vaa glavu, miwani na barakoa ya N95 (inayochuja vumbi laini), ile ya kitambaa haisaidii hapa. Funga mlango au tundika nailoni, na FENI IZIMWE, wengi wanakosea hapa, ukipuliza fangasi unavigawa vimbegu nyumba nzima.

Kabati la chipubodi (vumbi la mbao lililogandishwa) likishavimba ni la kutupa, halirudi. Bodi ya ukuta kata mpaka kama sentimita 30 juu ya pale ulowevu ulipoishia, geuza kipande uangalie nyuma, mara nyingi mbele utaona vidoti vichache huku nyuma kumechafuka kote. Vipande vifunge kwenye mifuko humo humo ndani ndo uvitoe. Mbao za fremu, vigae na ukuta wa simenti hivyo vinapona, sugua na brashi, maji na sabuni ya kawaida, usisugue pakavu. Ukikuta unga mweupe kwenye simenti usipanikie, mara nyingi ni chumvi inayoletwa na maji, ukiuloweka unayeyuka, fangasi hawayeyuki. Ila nao unakwambia unyevu bado unapita.

Hapo sasa ndo washa feni, na uache ukuta wazi. Madirisha fungua kama nje ni pakavu, mvua ikinyesha funga maana utakuwa unaingiza unyevu. Ukipata kipima unyevu wa hewa, hakikisha inakaa chini ya asilimia 60, ikishuka kati ya 30 na 50 ni vizuri zaidi.

Ukuta wa simenti kuushika kwa mkono haitoshi, juu unakauka mapema. Bandika kipande cha nailoni, ziba pande zote nne kwa utepe wa gundi kama selotepu, acha siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani endelea kukausha, hata kama mafundi wanakuharakisha wafunge. Nailoni ikitoka kavu rudishia bodi mpya, na rangi ya kawaida itakaa tu, hiyo ya kuzuia fangasi ningeiweka bafuni.

Kama ukifungua ukakuta eneo lenye fangasi limezidi mita moja ya mraba, au maji yale yalichanganyika na ya chooni, hapo usijifanyie mwenyewe, ita watu wenye vifaa.